Mlingoti Chini ya Jukwaa

Asubuhi hiyo fundi alikuwa akipiga randa kisanduku cha pili, na wawakilishi wa vyama vyote viwili walikuwa wamesimama mlangoni mwa karakana wakitazama maranda yanavyoanguka. Visanduku hivyo vilikuwa vya wagombea kusimamia nyuma ya mimbari zao siku ya mdahalo wa mwisho wa urais. Mgombea wa chama cha Kengele alikuwa mfupi. Mgombea wa chama cha Ngazi alikuwa mfupi pia, ila yeye alikuwa mfupi wa kuvaa viatu vya soli nene, na kwa sababu hiyo mazungumzo ya kupatana vimo yalichukua muda mrefu kuliko ya kupatana maswali. Mwisho ilikubaliwa kwamba mbele ya kamera wote wawili waonekane sawa, na wote wawili waonekane warefu.

"Fundi, hicho cha wenzetu mbona naona kama kimezidi?" aliuliza mratibu wa Ngazi, mwanamke mwenye miwani ambaye simu yake haikupumzika.

"Hakijazidi, mama. Hicho ndicho cha kwenu. Cha wenzenu kile pale."

Mratibu akakitazama tena, akaona kweli hakijazidi.

"Mwache mtu afanye kazi yake," akasema mwakilishi wa Kengele. Huyo alikuwa kaka wa mke wa fundi, na ndiye aliyemtafutia kazi yenyewe. Fundi mwenyewe hakuwa na chama. Alikuwa na shemeji, na kelele za shemeji zilimtosha kwa kampeni nzima.

Juu ya meza ya kazi, mtoto wa fundi alikuwa amekaa miguu ikining'inia, akichambua misumari, iliyonyooka huku na iliyopinda kule. Alikuwa amevaa sare ya jeshi iliyopunguzwa na mama yake mara nyingi hata mifuko ya shati ikakaribia mkanda. Alikuwa na kimo cha jagi la maji. Mtaani walimwita Mlingoti.

Mratibu alipomwona aliinama kwa heshima. "Uko likizo, kamanda?"

"Ndiyo, mama."

"Poleni na kazi. Tunalala usingizi kwa sababu yenu."

"Asante," alisema Mlingoti, akaendelea na misumari yake.

Jina la Mlingoti alilipata shuleni, enzi ambazo majirani walikuwa wakimwita awatolee mpira juu ya paa bila ngazi. Baba yake alimtengenezea kitanda ambacho kiliingia chumbani vipande vipande, na kilipokwisha kuunganishwa mlango wa chumba haukufunga tena. Jeshi nalo lilimpenda kwa kimo hicho hicho. Likampeleka mpakani, kwenye vita ambavyo vilikuwa vimedumu kiasi kwamba watu walivizungumzia kama wanavyozungumzia mvua: mwaka huu vimezidi, mwaka huu afadhali.

Alirudi likizo juma lile kampeni zilipofunguliwa, akainama mlangoni kama kawaida yake. Kesho yake mgombea wa Ngazi alihutubia uwanja wa mpira na kusema kwamba serikali inawaacha askari wetu wafe bure. Siku iliyofuata mgombea wa Kengele, ambaye chama chake ndicho kilichokuwa serikalini, alijibu kutoka uwanja mwingine kwamba mtu anayesema hivyo anawatukana askari wetu. Wakajibizana hivyo mpaka mwisho wa juma, na mwisho wa juma Mlingoti akapita mlangoni bila kuinama.

Mama yake ndiye aliyegundua mambo yanavyokwenda. Alimtuma chumvi iliyokuwa kwenye rafu ya juu, redio ikiwa imewashwa, hotuba ikiendelea. Mgombea akasema "askari wetu", na vidole vya Mlingoti vilivyokuwa vimeshika kopo la chumvi vikaachia na kushuka chini ya rafu. Akasimama pale mkono hewani. Mgombea akasema tena, na safari hii ni kola ya shati iliyompwaya shingoni. Mama akazima redio, lakini kuzima hakukusaidia, kwa kuwa jirani naye alikuwa na redio, na hata jirani alipozima, mgombea alikuwa bado anaongea huko aliko. Kila mmoja wao alipowataja askari mbele ya kipaza sauti, Mlingoti alipungua kidogo. Wasipowataja, alibaki alivyo.

Fundi alimpeleka kwenye ofisi ya jeshi ya wilaya. Ofisa aliyewapokea alikuwa akinywa chai, na hakuacha.

"Ni mambo ya kampeni haya," alisema. "Wanaosemwa hupungua. Uchaguzi ukiisha, hali hutulia."

"Hurudi walivyokuwa?" aliuliza fundi.

"Hutulia, mzee."

"Na kazi atafanyaje akiwa hivi?"

"Kazi haina shida. Stoo tuna sare za kila namna." Akafungua droo, akamwonyesha kofia ya chuma iliyotosha kuvaliwa na yai. Fundi aliishika, akaona kwamba imetengenezwa vizuri, akairudisha.

Njiani kurudi alimuuliza mwanawe kama huko mpakani wenzake nao wako hivyo.

"Wote, baba. Huko tumeshazoea. Mahandaki siku hizi hatuchimbi sana, tunakwangua tu."

"Na maadui je?"

"Nao wana uchaguzi," alisema Mlingoti.

Nyumbani, chakula hakikulika kwa amani. Mama Mlingoti alikuwa mtu wa Ngazi, kaka yake mtu wa Kengele, na kwa kuwa kaka alikuwa na mazoea ya kupita kila jioni wakati sufuria inaepuliwa, nyumba ilikuwa na mdahalo wake kila siku. Mlingoti alikaa mezani katikati yao, juu ya bakuli lililogeuzwa, akila kipande cha mkate alichoshika kwa mikono miwili. Mkono wa mjomba wake ulipopaa kwa hasira ilimbidi kuinama.

"Mtu akivamia mlango wako, dada, utaanza kumhoji? Unampiga kwanza!"

"Nani kavamia mlango wangu? Mlango wangu ule pale, na anayeuingia kila siku bila hodi ni wewe."

"Nazungumzia usalama wa taifa."

"Na mimi nazungumzia mwanangu. Mgombea wako analinda mpaka kwa mtoto wa nani? Wa kwake yuko wapi?"

"Na mgombea wako je? Anasema atavimaliza vita haraka. Atavimaliza kwa askari gani? Si hawa hawa?"

Maneno ya mjomba hayakumpunguza Mlingoti, wala ya mama yake. Ni ya wagombea tu yaliyokuwa na nguvu hiyo. Ya wale wawili yaliharibu chakula, basi.

"Mlingoti mwenyewe yupo," fundi alisema siku moja kwa uchovu. "Mbona hamumuulizi yeye?"

Wakamgeukia. Mlingoti akameza mkate wake.

"Sisi huko hatuyazungumzii hayo," alisema. "Tunazungumzia soksi. Zinalowa."

Mjomba akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema serikali ilishatoa soksi, na dada yake akasema ziko wapi, na wakaendelea kutoka hapo. Baadaye, akiwa anaaga, mjomba alimshika fundi bega. "Usijali sana, shemeji. Maneno makali hayavunji mfupa."

"Hayavunji," alisema Mama Mlingoti kutoka jikoni. "Yanaula."

Fundi aliogopa. Watu waliomwona akipima mbao na kutania wateja walidhani amelichukua jambo kiume, lakini kila alipomwinua mwanawe kumpandisha mezani, alihisi wepesi ule mikononi. Mdahalo wa mwisho ulikuwa na mada moja tu, vita na usalama wa taifa. Wagombea wawili, jioni nzima, vipaza sauti viwili, na mtoto mwenyewe alikuwa ameshabaki wa kushikwa kwa mkono mmoja. Mtu hakuhitaji kusoma sana ili kujua kwamba mwanawe asingeumaliza mdahalo ule.

Basi akaamua kuwaomba.

Nafasi aliipata siku moja kabla, ukumbini, wagombea walipoletwa kwa zamu kujaribu visanduku. Wa Ngazi alikuja kwanza. Alipanda, akashika mimbari, akatazama viti vitupu kana kwamba vimeshampigia makofi. Fundi alikuwa amepiga magoti nyuma yake akigongea kabari, kile kipande cha mti kinachozuia kisanduku kisicheze.

"Mheshimiwa," alisema akiwa bado chini.

"Naam, mzee wangu."

"Nina mtoto jeshini. Yuko nyumbani likizo. Amepungua sana."

"Oo, pole. Pole sana."

"Kesho mtazungumzia vita. Zungumzia vita, mheshimiwa, zungumzia mpaka, mseme adui utakavyo. Ila nakuomba kitu kimoja. Askari usiwataje. Basi, ni hilo tu. Usiwataje."

Mgombea akashuka kwenye kisanduku, jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba, na mratibu wake akatazama saa. Akamwinua fundi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Akamuuliza mtoto anaitwa nani, na huko mpakani anakosa nini, na fundi akataja soksi. Akauliza alikuwa mrefu kiasi gani, na fundi akanyoosha mkono juu ya kichwa chake mwenyewe, akafikiri, akaupandisha tena kidogo. Mgombea akalengwalengwa na machozi. Yalikuwa machozi ya kweli. Fundi alikuwa karibu na aliyaona.

"Nimekusikia, mzee wangu," alisema mgombea. "Neno lako nimelibeba."

Wa Kengele alikuja baada ya chakula cha mchana, na kwa huyo ilikuwa rahisi zaidi, maana shemeji alishamwandaa. Alimkumbatia fundi kabla hajamaliza kusema. Akasema yeye mwenyewe ni mzazi. Akauliza jina la kijana, akalirudia mara mbili ili lisimtoke, akaomba wapigwe picha. Fundi hakutaka picha, lakini aliona kwamba mtu aliyekuja kuomba hana mdomo wa kukataa. Wakapigwa.

Fundi hakuwa mtoto mdogo. Alijua mwanasiasa ni nani. Lakini machozi nayo ni machozi. Alirudi nyumbani akitembea wepesi kuliko siku zote za msimu ule, akamkuta mkewe akikata mguu wa suruali ambayo ingemtosha mwanasesere.

"Wamekubali," alisema. "Wote wawili."

"Wamekubali kusema nini?"

"Kutosema. Wamelichukua kwa uzito, Mama Mlingoti. Mpaka jina lake wameuliza."

Mkasi ukasimama. "Ukawaambia?"

"Mtu akikuuliza jina la mtoto wako utafanyaje?"

Mkewe akarudi kwenye suruali yake. Hakumlaumu. Baada ya miaka yote ile walikuwa wamebakiwa na nguvu chache, na lawama zinakula nguvu.

Siku ya mdahalo fundi alitakiwa kukaa chini ya jukwaa na nyundo yake. Hayo yalikuwa makubaliano. Katika mdahalo wa kwanza ubao mmoja ulilia kila mgombea wa Kengele alipotamka neno "uwazi", na pande zote zikaandika malalamiko ya hujuma. Tangu hapo ikakubaliwa kwamba fundi mmoja akae chini mpaka mwisho, ubao ukilia aukaze. Fundi wetu alipitishwa bila ubishi kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akiwa na maoni.

Alitaka kumwacha Mlingoti na mama yake. Mlingoti akakataa.

"Nikae nyumbani nisubiri nini, baba? Kama ni kupungua nitapungua popote. Bora niwasikie kwa masikio yangu."

Siku zile za mwisho zilikuwa na mikutano ya hadhara asubuhi na mchana, kwa hiyo Mlingoti alikuwa ameshafikia urefu wa penseli. Fundi akamweka kwenye mfuko wa shati, pamoja na penseli yake ya kazi, akamwacha kichwa nje apate hewa. Mlinzi wa mlangoni aliwakagua wote wawili, akamuuliza Mlingoti kama amebeba silaha, Mlingoti akasema bunduki yake ameiacha kambini, na wakaruhusiwa kupita.

Chini ya jukwaa kulikuwa na vumbi na nyaya, na mwanga uliingia kwa mistari kupitia nafasi za mbao. Fundi alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kichwa kikikaribia kugusa ubao, na Mlingoti akakaa juu ya mhimili, mgongo kwenye nguzo. Walisikia viti vikijaa. Walisikia wagombea wakiingia, makofi, kisha miguu ikipanda juu ya visanduku, kimoja kulia, kimoja kushoto. Fundi akasikiliza kazi yake. Hakuna kilichocheza.

Mwendesha mdahalo aliuliza kama nchi iko salama. Mgombea wa Kengele alisema iko salama na iko hatarini, na kwamba ni serikali yake tu inayoweza kuyashika mambo hayo mawili kwa pamoja. Mgombea wa Ngazi alisema hatari yenyewe imeletwa na serikali hiyo. Wakaongea juu ya mpaka. Wakaongea juu ya adui, na wakashindana nani alianza kumchukia mapema zaidi. Wakaongea juu ya bajeti ya ulinzi, ndege, mitambo, mikataba. Askari hawakutajwa. Fundi alimtazama mwanawe, na mwanawe alikuwa vilevile, amekunja magoti, anasikiliza kama mtu anayesubiri zamu yake hospitali. Muda ukaenda. Fundi akaanza kuamini, na kuamini kukamlegeza mabega hata akaiweka nyundo chini.

"Ndugu wananchi," ilisema sauti ya mgombea wa Ngazi kutoka juu, ikiwa imebadilika, imekuwa ya chini. "Nataka niseme jambo ambalo halipo kwenye karatasi zangu. Jana, ndani ya ukumbi huu, nilishikwa mkono na baba mmoja. Fundi seremala. Mtu wa jasho. Akaniambia, mheshimiwa, mwanangu yuko vitani. Anaitwa Mlingoti."

Chini ya mbao, Mlingoti alipungua nusu nzima kwa mara moja.

Kumbe kutajwa kwa jumla kulikuwa nafuu. Maneno "askari wetu" yaligawanywa kwa vijana wote walioko mpakani, na kila mmoja alipungua kiasi chake. Jina hili lilikuwa la mtu mmoja.

"Namshangaa mwenzangu," ilisema sauti ya Kengele, "kumtumia Mlingoti kutafutia kura. Mlingoti namfahamu mimi. Picha na baba yake ninayo. Mlingoti hapiganii chama, Mlingoti anapigania taifa!"

"Kama unamfahamu Mlingoti, kwa nini Mlingoti hana soksi?"

"Mlingoti angekuwepo hapa leo, unajua angekwambia nini?"

"Ningesema nina kiu," alisema Mlingoti. Fundi alichovya kidole kwenye chupa yake ya maji, akamwachia tone moja. Mlingoti alilinywa, na kabla hajalimaliza lilikuwa limeshamshinda ukubwa.

Mwendesha mdahalo aliwaomba wagombea wasitoke nje ya mada ya Mlingoti.

Fundi alimchukua mwanawe kiganjani. Alikuwa wa urefu wa kijiti cha kiberiti, na uso wake ulikuwa umeshakuwa mdogo mno kusomeka. Fundi hakuwahi kumpiga mtu wala kuharibu kazi aliyoifanya kwa mikono yake. Lakini juu ya kichwa chake, kupitia nafasi ya mbao, aliona ncha ya kabari ya kisanduku cha Kengele, na hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka. Akashika nyundo kwa mkono uliobaki. Aligonga mara moja, kutoka chini, kwa usafi, kama anavyogonga mtu anayejua.

Kabari ikaruka. Kisanduku kikayumba, mgombea akaenda upande, akaikumbatia mimbari, na ukumbi wote ukanyamaza. Fundi alisubiri. Alichotaka kilikuwa kimya tu, hata kidogo, na kwa muda wa pumzi chache alikipata.

Kisha mgombea akajiweka sawa, na sauti yake ikarudi ikiwa na tabasamu.

"Mmeona wenyewe, ndugu zangu. Jukwaa limetikisika. Lakini askari wetu hawatikisiki!"

Ukumbi ukasimama. Walisimama wa Kengele, na wa Ngazi nao wakasimama, kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kubaki ameketi neno kama hilo likisemwa. Mgombea wa Ngazi alipiga makofi karibu na kipaza sauti chake na kuitikia, "Askari wetu! Askari wetu!" Vumbi likamwagika kutoka kwenye mbao zote. Fundi akafunika kiganja chake kwa kiganja kingine, akakaa hivyo juu ya ndoo, asitake kufunua.

Shemeji alikuja mbio mdahalo ulipokwisha, akainama kuchungulia chini ya jukwaa, uso umejaa furaha. "Umesikia, shemeji? Nchi nzima imemjua Mlingoti!" Fundi akamfunulia kiganja. Shemeji alitazama, akalazimika kuvaa miwani, akatazama tena. Alimpenda mpwa wake. Alimfundisha kuendesha baiskeli, tena alikimbia nyuma yake akiwa ameshika tandiko mpaka akaishiwa pumzi. Akafungua mdomo aseme neno na neno likakosekana. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza, lakini fundi alikuwa amechoka mno kuliona.

"Nenda nyumbani, shemeji," alisema.

Ngazi ilishinda uchaguzi. Mama Mlingoti alikuwa amepiga kura yake kama alivyoahidi, kwa sababu ahadi ni ahadi, na matokeo yalipotangazwa hakupiga kigelegele. Alikuwa anamlalisha mwanawe kwenye pamba, ndani ya kisahani cha sabuni, na sare alishaacha kuishona kwa kuwa hakuna sindano iliyofaa. Akamfungia kipande cha uzi wa kijani kiunoni, ili ajulikane kuwa ni askari. Jioni shemeji alikuja, akapiga hodi, akakaa. Akasema kila rais anastahili kupewa nafasi. Dada yake akampakulia chakula na wote wakala kimya. Mratibu mwenye miwani alipiga simu kuagiza kisanduku cha siku ya kuapishwa, kirefu kidogo kuliko kile cha kwanza, na fundi akasema atakitengeneza.

Hali ilitulia, kama alivyosema ofisa. Hakuna aliyewataja askari kwa siku kadhaa, na Mlingoti hakupungua. Hakuongezeka pia. Kisha likizo ikaisha.

Gari la jeshi lilikuja asubuhi ambayo rais mteule alikuwa ahutubie taifa. Lilikuwa gari dogo, halikuhitajika kubwa. Nyuma yake kulikuwa na trei za mayai zilizopangwa, kila shimo limetandikwa pamba, na ndani ya mashimo vijana wa mtaa ule na mitaa ya jirani, wengine wakubwa kama kidole gumba, wengine wa kutafutwa kwa jicho. Wazazi wao walikuwa wameshafuata gari kwa miguu. Sajini aliyeongoza msafara alikuwa mtu mstaarabu. Alizungumza kwa sauti ndogo na alishika trei kwa mikono miwili.

"Si alisema vita vitaisha?" Mama Mlingoti alimuuliza. "Nimempigia kura kwa hilo."

"Vitaisha, mama. Lakini vinaishia kule kule mpakani, na lazima wawepo wa kuvimaliza."

Mama Mlingoti akaegemeza sikio kwenye kisahani cha sabuni kwa muda mrefu. Kisha akamhamisha mwanawe kwa ncha ya unyoya, akamweka kwenye shimo lake.

"Kasemaje?" aliuliza fundi.

"Sijui. Naona mdomo unafunguka."

Fundi alisema na yeye aone. Aliinama mpaka pua ikakaribia pamba, na kweli mdomo ulikuwa unafunguka na kufunga, na yeye aliyemfundisha mtoto yule kusema "baba" hakuweza kujua kama ndicho anachosema sasa. Alilia. Alilia akiwa amegeuza uso pembeni, asije akamlowesha.

"Basi, tufunge tuondoke," alisema dereva.

"Ngoja," alisema sajini. "Mwache mheshimiwa ashukuru kwanza. Hapa natakiwa kusaini idadi ya ninaowabeba, na akishashukuru ndipo nitaijua."

Dereva akaelewa, akawasha redio ya gari, akafungua milango ili wote wasikie. Wazazi wakajongea kwenye trei. Hakuna aliyewaelekeza, kila mmoja alinyoosha mikono na kuifunika juu ya shimo la mtoto wake, bila kugusa, kama watu wanaokinga moto usizimwe na upepo. Fundi aliweka mikono yake yenye gundi kuukuu kwenye kucha, na Mama Mlingoti akaweka yake juu ya ile ya mumewe.

Rais mteule alimshukuru Mungu. Alimshukuru mke wake na watoto wake wote kwa majina. Alikishukuru chama, alimshukuru mpinzani wake kwa ukomavu, aliishukuru tume, aliwashukuru wapiga kura waliompigia na wasiompigia. Alikunywa maji, wakamsikia akiyameza.

"Na mwisho kabisa," ilisema redio, "kwa uzito wa pekee..."

Sajini akafungua kalamu yake, akasubiri.